Kutoka kiini cha yai hadi chupa ya dawa

Katika miaka ya 1840 mfamasia wa Paris aliyeitwa Théodore Gobley alikuwa akivifanyia viini vya mayai mambo ambayo mpishi yeyote angeyaona ni israfu. Aliviloweka katika etha na alkoholi ya moto, akachuja, akakausha kilichochujika, na mwishowe akabaki na kitu cha kunata ambacho hakikuwa mafuta ya kawaida wala protini. Alipokivunja alikuta ndani yake asidi za mafuta, gliserini na fosforasi, vyote vimeshikana. Mwaka 1850 alikiita lesithini, akifuata neno la Kigiriki la kiini cha yai, na akakikuta tena kwenye mayai ya samaki na kwenye ubongo. Hakujua kwamba ameshika mkononi kitu ambacho wanyama na mimea hukitumia kuzizungushia seli zao ukuta.

Lesithini ndiyo mzazi wa kundi tunaloliita leo fosfolipidi, na umbo la molekuli yake linaeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Upande mmoja una kichwa chenye fosforasi, kinachopenda maji. Upande wa pili una mikia miwili ya mafuta, inayoyakimbia. Zikitumbukizwa majini, molekuli hizi hazina budi kujipanga safu mbili, mikia ikielekeana kwa ndani na vichwa vikitazama maji pande zote. Karatasi ya namna hiyo ina kingo, na kwenye kingo mikia imebaki wazi. Basi karatasi hujikunja hadi kingo zikutane. Kinachopatikana ni kifuko kilichofungwa, kina maji ndani na maji nje. Hiyo ndiyo liposomu.

Hakuna mtu anayeijenga liposomu, inajijenga. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu vitabu vya maabara hutaja njia nyingi za kuitengeneza, kila moja na jina lake refu, hata msomaji akadhani ni ufundi ishirini tofauti. Ukizichambua utakuta zote zinajibu maswali mawili tu: lesithini iwe imeyeyuka katika nini kabla ya kukutana na maji, na maji yaletwe vipi. Historia yote ya liposomu ni historia ya majibu ya maswali hayo.

Watu walikuwa wameziona kabla hawajajua ni nini. Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza jinsi mafuta fulani ya mwilini yanavyovimba yakiguswa na maji na kutoa nyuzi na mafundo ya ajabu chini ya hadubini. Aliyaita mayelini, akaendelea na shughuli zake. Mwaka 1925 Waholanzi Evert Gorter na F. Grendel, mjini Leiden, walitoa mafuta yote ya chembe nyekundu za damu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo lake. Lilikuwa mara mbili ya eneo la chembe zenyewe, nao wakahitimisha kwamba ukuta wa seli una safu mbili. Hitimisho lilikuwa sahihi. Vipimo ndivyo vilivyokuwa na kasoro: hawakufanikiwa kuyatoa mafuta yote, na pia walikadiria eneo la chembe kuwa dogo kuliko lilivyo. Kasoro hizo mbili zikafutana. Si mara nyingi sayansi inabahatika hivyo.

Kilichowakwamisha waliofuata ni usafi. Kiini cha yai kina fosfolipidi takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, lakini zimechanganyika na mafuta, kolesteroli, rangi ya manjano na protini. Hila ya zamani iliyosalia mpaka leo ni ya asetoni: mafuta na kolesteroli huyeyuka ndani yake, fosfolipidi hazitaki. Viini vikikorogwa na asetoni baridi, manjano hutoka na kioevu, na chini hubaki donge zito lililopauka. Donge hilo huyeyushwa kwa mchanganyiko wa klorofomu na methanoli. Mchanganyiko huo uliwekewa utaratibu unaoaminika na Jordi Folch, Mkatalani aliyehamia Marekani na kufanya kazi kwenye tishu za ubongo. Makala yake ya 1957 ni miongoni mwa maandiko ya biokemia yaliyotajwa na wengine mara nyingi kupita yote. Mwisho kioevu hupitishwa kwenye mrija uliojazwa unga wa alumina au silika, ambao hushikilia kila aina ya lipidi kwa nguvu tofauti, na lesithini hutoka kwa zamu yake.

Hapo mtaalamu anakuwa na kitu safi, na mara anaanza kukilinda. Mikia ya lesithini ya yai si ya aina moja. Baadhi imenyooka, mingine ina kona pale penye muungano maradufu wa kaboni. Kona hizo huifanya lesithini iwe laini na rahisi kufanyiwa kazi, lakini ndizo oksijeni inazozishambulia, na lesithini huchacha kama mafuta mengine yoyote. Kwa hiyo huhifadhiwa ikiwa imeyeyuka, kwenye chupa iliyojazwa naitrojeni badala ya hewa, katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Anayeiacha wazi mezani wikiendi nzima asishangae Jumatatu vifuko vyake vikivuja.

Sasa twende Babraham, kijiji kilicho karibu na Cambridge, Uingereza. Hapo palikuwa na taasisi ya utafiti wa fiziolojia ya wanyama, na ndani yake daktari Alec Bangham, aliyezaliwa Manchester mwaka 1921. Bangham hakuwa akitafuta chombo cha kubebea dawa. Shughuli yake ilikuwa damu: kwa nini seli zinashikana au kuachana, na chaji ya umeme iliyo juu ya ukuta wake ina kazi gani. Lesithini aliitumia kama mfano rahisi wa ukuta huo. Mwaka 1961 taasisi ilipata hadubini mpya ya elektroni, naye pamoja na R. W. Horne wakaamua kuijaribu. Horne alikuwa bingwa wa mbinu iliyokuwa changa wakati huo: badala ya kukitia rangi kitu chenyewe, unakizungushia chumvi ya metali nzito isiyopitisha elektroni, nacho kikaonekana cheupe katikati ya weusi. Walitia lesithini kavu kwenye chumvi hiyo, wakatazama. Waliona mistari myeupe myembamba, sambamba, ikizunguka na kujifunga yenyewe. Ilifanana mno na picha za kuta za seli halisi.

Picha hizo zilichapishwa 1964. Picha peke yake, hata hivyo, haimshawishi mwanafiziolojia. Anataka kujua kama ukuta huo unazuia kitu. Kwa hiyo Bangham alishirikiana na Malcolm Standish na Jeff Watkins, Waaustralia wawili, kufanya jaribio lililochapishwa 1965. Walitengeneza vifuko ndani ya maji yenye chumvi ya potasiamu, wakaiondoa potasiamu iliyobaki nje, wakapima iliyonaswa ndani inavyotoka. Ilitoka taratibu mno, ilhali kloridi ilipita kwa urahisi zaidi. Wakaongeza vitu vinavyolevya na kutia ganzi, na uvujaji ukaongezeka. Kifuko kisicho na protini hata moja kilikuwa na tabia ya seli.

Namna walivyovitengeneza ni rahisi kiasi cha kutia shaka, na kila mwanafunzi wa fani hii bado huanzia hapo. Lesithini iliyoyeyuka katika klorofomu hutiwa kwenye chupa ya kioo yenye kitako cha mviringo. Chupa huzungushwa polepole juu ya maji ya uvuguvugu huku pampu ikinyonya hewa. Klorofomu hufuka, na juu ya kioo hubaki utando mwembamba usioonekana vizuri ila ukiuinamia kwenye mwanga. Mwenye pupa huharibu hapa: klorofomu kidogo ikibaki inalegeza kuta, basi chupa huachwa kwenye pampu kwa saa kadhaa zaidi. Kisha maji ya chumvi hutiwa, na chupa hutikiswa kwa mkono. Utando unavimba, tabaka zinanyonya maji na kuachana moja baada ya nyingine, zinabanduka na kujifunga. Maji yanageuka meupe kama tui.

Bangham alikuwa na bahati ambayo nadhani haisemwi vya kutosha, na bahati hiyo ilitoka kwenye yai. Kila fosfolipidi ina joto lake ambalo mikia yake hugeuka kutoka hali ya kukakamaa na kuwa laini, na bila ulaini huo utando hauvimbi. Lesithini ya yai, kwa sababu ya zile kona za mikia, hulainika chini ya nyuzi sifuri. Maji ya bomba yanatosha. Lau angeanza na lesithini ambayo mikia yake yote imenyooka, yenye kuhitaji nyuzi 41 au hata 55, angetikisa chupa siku nzima na kuona mabonge tu.

Jina lilichukua muda. Bangham mwenyewe alivitaja vifuko hivyo kwa istilahi nzito za fizikia ya fuwele za majimaji, na wenzake wakamtania kwa kuviita kwa jina lake. Aliyependekeza neno liposomu ni Gerald Weissmann, daktari wa New York aliyefanya kazi pamoja naye, na neno hilo likachapishwa 1968.

Vifuko vya kutikiswa kwa mkono vilikuwa na dosari mbili. Kwanza, kila kimoja kilikuwa na ukubwa wake, kuanzia sehemu ya maikromita hadi maikromita kadhaa. Pili, vilikuwa kama kitunguu: tabaka ndani ya tabaka, na maji kidogo sana katikati. Kwa mtu anayetaka kupima hesabu za uvujaji hilo ni tatizo, kwa sababu hajui ayoni imevuka kuta ngapi. Mwaka 1969 Ching-hsien Huang, katika Chuo Kikuu cha Virginia, alichapisha dawa ya tatizo hilo. Alivipiga vitunguu hivyo kwa mawimbi ya sauti yenye mtetemo mkali, chini ya naitrojeni, kisha akavipitisha kwenye mrija wa chembechembe za jeli unaotenganisha vitu kwa ukubwa. Alipata vifuko vyenye ukuta mmoja, vyenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, karibu vyote sawasawa.

Mawimbi hayo yana gharama. Ncha ya chuma inayoyatoa huchemsha kioevu na kuacha vumbi la titani ndani, na lesithini ya asili, yenye kona zake, huchacha upesi ikipigwa hivyo. Tena vifuko vyenyewe ni vidogo kupita kiasi. Piga hesabu: ukuta una unene wa nanomita 4 hivi, kwa hiyo kifuko cha nanomita 25 kina nafasi ya nanomita 17 ndani, ujazo wake hauifikii hata theluthi moja ya ujazo wa kifuko kizima. Ukuta umejipinda kwa ukali hata safu ya nje ikawa na molekuli karibu mara mbili ya safu ya ndani. Ni kifaa kizuri cha fizikia. Kwa kubeba kitu, hakifai sana.

Ndipo wengine wakalirudia swali la kwanza: kwa nini kuikausha lesithini kabisa? Mwaka 1973 Shmuel Batzri na Edward Korn, katika taasisi za afya za Marekani huko Bethesda, waliiyeyusha katika ethanoli na kuirusha kwa sindano, kwa kasi, ndani ya maji ya chumvi. Ethanoli huchanganyika na maji papo hapo. Lesithini hujikuta ghafla haina kiyeyusho, nayo hujifunga vifuko vidogo bila kupigwa mawimbi. Miaka mitatu baadaye David Deamer wa California, aliyekwenda Babraham kufanya kazi na Bangham, alitumia etha. Etha haichanganyiki na maji, bali hufuka ikiguswa na joto. Wakiipenyeza polepole katika maji ya moto, kila tone hutoweka na kuacha lesithini yake nyuma, na vifuko vinavyopatikana ni vikubwa, vyenye ukuta mmoja na maji mengi ndani. Deamer na Bangham walivutiwa na jambo lililo mbali na dawa: waliwaza jinsi seli ya kwanza duniani ilivyopata ukuta. Deamer ameendelea na swali hilo maisha yake yote.

Mwaka 1978 ulileta jibu lililoniridhisha zaidi kuliko yote kwa werevu wake. Demetrios Papahadjopoulos, Mgiriki aliyewahi kufanya kazi Babraham, alikuwa Buffalo, New York, pamoja na kijana Frank Szoka. Waliyeyusha fosfolipidi katika etha, wakaongeza maji kidogo, wakapiga mawimbi mpaka maji yakawa vitone vidogo vilivyoelea ndani ya etha. Kila kitone kilivikwa safu moja ya fosfolipidi, vichwa ndani na mikia nje, kinyume na kawaida. Kisha wakaanza kuivuta etha kwa pampu. Mchanganyiko uligeuka jeli nzito, na anayeufanya kwa mara ya kwanza hudhani ameharibu. Pampu ikiendelea, jeli inaporomoka ghafla: baadhi ya vitone vinapasuka na kuvigawia jirani zao safu ya pili, na kinachobaki ni liposomu kubwa zilizojaa maji. Hadi asilimia 62 ya maji yaliyotumika yalinaswa ndani. Kwa mtu anayefungia protini ghali au DNA, tofauti kati ya asilimia chache na sitini ndiyo tofauti kati ya jaribio na ndoto.

Wapo pia waliotumia sabuni. Njia hii waliianza Yasuo Kagawa na Efraim Racker wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1971: fosfolipidi na protini ya ukuta wa seli huyeyushwa pamoja katika kolati, chumvi ya nyongo, kisha kolati huondolewa polepole kwa kupita kwenye mfuko wenye matundu madogo. Sabuni ikiisha, vifuko hujifunga vikiwa na protini ndani ya kuta zake. Mwaka 1974 Racker na Walther Stoeckenius walifanya jambo ambalo lingeonekana kichekesho lingesimuliwa barazani. Walichukua fosfolipidi za soya, wakapachika humo protini ya zambarau kutoka kwa bakteria wa maji ya chumvi kali, na kimeng'enya kutoka kwenye mitokondria za moyo wa ng'ombe. Wakawasha taa. Protini ya bakteria ikasukuma protoni, na kimeng'enya cha ng'ombe kikatumia msukumo huo kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Mwingereza Peter Mitchell alikuwa amedai tangu 1961 kwamba nishati ya seli hupitia kwenye tofauti ya protoni, wengi wakimpinga. Kifuko cha soya kilikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakubwa, na mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

Soya ilikuwa imeingia kwa mlango wa viwanda. Mafuta ya soya yanaposafishwa kwa maji, tope la lesithini hutuama, na tangu miaka ya 1920 viwanda vya Hamburg vilikuwa vikiliuza kwa watengenezaji wa chokoleti na siagi ya mimea. Ni nyingi na ni rahisi kuliko ya yai. Ina kona nyingi zaidi, kwa hiyo huchacha haraka zaidi. Wakemia waliinyoosha mikia yake kwa kuilisha hidrojeni. Lesithini ya soya iliyotiwa hidrojeni haichachi kwa urahisi na kuta zake hazivuji ovyo, lakini hulainika kwenye nyuzi 52 hivi, hivyo kila hatua ya kuifanyia kazi lazima iende kwa moto. Raha ya yai, kutikisa chupa kwa maji ya bomba, ilipotea. Dawa mbili kubwa za liposomu, tutakazozifikia, zimesimama juu ya soya hiyo.

Kufikia miaka ya 1980 swali halikuwa tena kama liposomu itapatikana, bali kama kiwanda kitaweza kuitengeneza Jumatatu na Alhamisi ikawa ile ile. Klorofomu na etha hazitakiwi kwenye sindano. Sabuni haziondoki zote. Mawimbi ya sauti hayafai kwa lita mia. Jibu lilikuwa la nguvu. Mwaka 1979 kundi la Papahadjopoulos lilikuwa limevipitisha vitunguu vya Bangham kwenye vichujio vya plastiki vyenye matundu ya kipimo kimoja. Mwaka 1985 Michael Hope, Pieter Cullis na wenzao wa Vancouver walifanya hivyo kwa shinikizo kubwa la naitrojeni, mara kumi hivi, kupitia matundu ya nanomita 100. Tabaka zinararuka kwenye tundu na kujifunga upya upande wa pili. Hakuna kiyeyusho, hakuna sabuni, na kinachotoka ni vifuko vyenye ukuta mmoja vya ukubwa unaotabirika. Wakigandisha na kuyeyusha vitunguu mara kadhaa kabla ya kuvisukuma, maji mengi zaidi hunaswa. Maabara nyingi bado zinafanya hivyo hivyo. (Mwaka mmoja baadaye liposomu ziliingia madukani Ulaya ndani ya krimu ya uso ya Dior, na kwa muda umma ulizijua kwa makunyanzi kuliko kwa magonjwa.)

Wazo la kuzitumia kama dawa lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1971 Gregory Gregoriadis na Brenda Ryman, London, walifungia kimeng'enya ndani ya liposomu na kuzidunga panya, wakitumaini kutibu magonjwa ya kurithi ambayo seli hukosa kimeng'enya fulani. Liposomu zilitoweka kwenye damu upesi na kuishia kwenye ini na wengu, zikiliwa na seli zinazosafisha damu. Kwa wengi hilo lilikuwa pigo. Wachache waliuliza: je, kama ugonjwa wenyewe unakaa humo humo?

Kala-azar unakaa humo. Vimelea vyake hujificha ndani ya seli zile zile za ini na wengu, na ugonjwa huu unajulikana Baringo, Turkana na Pokot Magharibi nchini Kenya, na Karamoja nchini Uganda. Mwaka 1977 na 1978 makundi ya Uingereza na Marekani yalionyesha kwamba dawa ya antimoni iliyofungiwa ndani ya liposomu ina nguvu nyingi zaidi dhidi ya vimelea hivyo kwa wanyama wa maabara. Dawa iliyokuja kufaulu kwa watu ilikuwa nyingine, amfoterisini B, dawa ya fangasi inayojulikana kwa kuunguza figo. Hii haikai ndani ya maji ya kifuko. Hujipachika kwenye ukuta wenyewe, kati ya lesithini ya soya iliyotiwa hidrojeni na kolesteroli. AmBisome ilianza kuidhinishwa Ulaya 1990. Doxil, yenye dawa ya saratani doksorubisini, iliidhinishwa Marekani 1995 kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani ya Kaposi. Hiyo iliundwa na Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem pamoja na kampuni ya California, nao walikwepa suala la kunasa kwa njia ya kifundi sana: vifuko hutengenezwa kwanza vikiwa na salfeti ya amonia ndani, kisha dawa huwekwa nje, nayo huvutwa ndani yenyewe na kuganda humo kama fuwele.

Chanjo nazo zilihusika: mwaka 1974 kulikuwa na makala fupi katika jarida la Nature iliyosainiwa na watu wawili, Gregoriadis na Anthony Allison. Walionyesha kwamba chanjo ya dondakoo ikifungiwa kwenye liposomu, panya hutoa kingamwili nyingi zaidi. Allison huyu ni yule yule aliyekulia shambani Kenya, karibu na Gilgil, akarudi 1949 kukusanya damu kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, na mwaka 1954 akatangaza kwamba mtu aliyerithi nusu ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria. Njia hizo mbili, liposomu na malaria, zilikuja kukutana: katika chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya miongoni mwa vituo vingine, kioevu kinachoamsha kinga ni liposomu. Humo kolesteroli huishika QS-21, kitu kinachotolewa kwenye gome la mti wa Chile, ambacho kikiachwa huru hupasua chembe za damu. Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo Septemba 2019. Fosfolipidi yake, hata hivyo, si ya yai wala ya soya asilia. Ni molekuli moja iliyotengenezwa na wakemia, ili kila chupa ifanane na nyenzake.

AmBisome nayo ilipata kazi nyingine. Homa ya uti wa mgongo ya fangasi ya kriptokokasi huua watu wengi wenye VVU, na matibabu ya zamani yalidai mgonjwa alazwe na kudungwa amfoterisini ya kawaida siku saba, huku damu yake ikipimwa kila mara. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, uliochapishwa Machi 2022, ulilinganisha matibabu hayo na dozi moja tu ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na vidonge vya wiki mbili. Baada ya wiki kumi waliofariki walikuwa asilimia 24.8 kwa dozi moja na asilimia 28.7 kwa matibabu ya zamani, na madhara yalikuwa machache zaidi. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka huo huo.

Swali likawa bei, na hapo ndipo njia za kutengeneza zinaporudi mlangoni. Mwaka 2011 kiwanda cha Bedford, Ohio, kilichotengeneza Doxil kilisimamisha uzalishaji, na wagonjwa wa Marekani wakakosa dawa; Februari 2012 serikali ikaruhusu toleo la Sun Pharma ya India liingizwe, na mwaka mmoja baadaye nakala ya kwanza ikaidhinishwa. AmBisome iliyoingia soko la Marekani 1997 ilisubiri nakala yake hadi Desemba 2021. Orodha ya viambato vyake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo kwa miaka yote hiyo. Lakini anayeinakili hawezi kuonyesha orodha peke yake. Hudaiwa athibitishe ukubwa wa vifuko na mtawanyiko wake, idadi ya tabaka, hali ya dawa ndani ya ukuta au ndani ya maji, kasi ya kuvuja katika joto tofauti, na kiasi cha lipidi iliyochacha, kundi baada ya kundi. Na kila kimoja kati ya hivyo hubadilika ukibadili joto la maji, shinikizo la kichujio au mwendo wa kuondoa kiyeyusho.